Kumsomea Mtu wa Jiwe

Arobaini ya bibi tuliisoma Norsborg, huku ughaibuni, sebuleni kwa shangazi, na king'ora cha moshi kililia kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Ilikuwa ni ubani. Shangazi hana chetezo, kwa hiyo aliuweka kwenye kifuniko cha sufuria karibu na mkeka, moshi ukapanda moja kwa moja hadi darini. Watu wakaacha kuitikia. Mgeni mmoja akapanda juu ya kiti akaanza kukipepea king'ora kwa kanga. Mimi niliendelea kusoma, kwa sababu sikujua kama inafaa kuacha katikati ya Yasini.

Bibi ndiye aliyemzaa shangazi, na ndiye aliyemzaa baba yangu. Alifariki asubuhi kule Ujiji, akazikwa alasiri ileile, kama ilivyo kwetu, maiti haingoji. Walipompigia shangazi kumwambia kwamba wamesharudi kutoka makaburini, yeye alikuwa bado amevaa koti la kazi, ameinamia simu anatafuta ndege. Hakulia. Aliiweka simu mezani, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndiyo maana alitaka arobaini isomwe vizuri. Ustadhi aliyeahidi kuja alikwama kazini, na mle ndani aliyekuwa amekaa chuoni miaka mingi, kule madrasa kwetu Ujiji, ni mimi. Nikasoma. Mimi ni mtu wa haya. Nikisimama mbele za watu sauti yangu hushuka mpaka mwenyewe siisikii. Lakini kusoma msahafu si kama kuzungumza. Macho yako yako chini, na hakuna anayengoja umchekeshe.

Binti wa shangazi alikaa karibu na miguu yangu muda wote. Yuko darasa la nne, amezaliwa hukuhuku; mama yake humsemesha Kiswahili, naye hujibu Kiswidi. Wageni walipoondoka aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Kaka, wewe nasoma nini?"

"Namsomea bibi."

"Bibi nasikia?"

"Inamfikia," nikasema. Ndivyo nilivyofundishwa.

Siku chache baadaye shangazi aliingia nyumbani akiwa bado na kadi ya hospitali shingoni. Anafanya kazi Flemingsberg, kwenye wodi ya wazee. Hakuvua hata viatu.

"Baba, umemwambia nini huyu mtoto?"

Shangazi huniita baba, kwa kuwa nina jina la babu. Nikasema sijamwambia kitu.

"Mwalimu wake kanipigia kazini. Nimetoka mbio kwenye korido nikidhani mtoto ameanguka. Kumbe ananishukuru! Anasema wamefurahi mno kusikia nyumbani kwangu kuna mtu anayejua kusoma maandishi ya Misri ya kale. Wanakwenda makumbusho Alhamisi, wanakuomba uje uwasomee jiwe."

"Mimi?"

"Basi ni mimi?"

Tukamwita mtoto. Alikuja taratibu, akasimama mlangoni. Ilichukua muda kuelewa kilichotokea, na hata sasa nikieleza huwa najichanganya. Darasani walikuwa wanajifunza habari za Misri, makaburi na vitu vilivyoandikwa kwa ajili ya wafu. Mwalimu akauliza nani anajua jambo lolote kuhusu hayo. Mtoto, ambaye hunyosha mkono mara chache sana, akanyosha. Akasema kwa Kiswidi: *min kusin läser för de döda*. Binamu yangu huwasomea wafu.

Alisema kweli. Ndicho nilichofanya pale mkekani. Lakini mwalimu alisikia kwamba binamu yake husoma maandishi ya wafu, akauliza kama binamu huyo anatoka Afrika, mtoto akasema ndiyo, akauliza kama anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, mtoto akasema ndiyo. Yote kweli. Na ukijumlisha yote, kinatoka kitu ambacho si kweli hata kidogo.

"Nitampigia mwalimu nimwambie hapana," shangazi akasema. "Huyu kaishia darasa la saba. Hajasoma."

Hakusema kwa ubaya. Kwetu ndivyo tunavyosema. Mtu aliyefika mbali shuleni amesoma, na ambaye hakufika hajasoma, hata kama anasoma. Lakini mtoto alishtuka.

"Kaka *amesoma!* Mimi nimeona!" Kisha akahamia Kiswidi, haraka haraka, akaanza kulia. Shangazi akanitafsiria huku akimfuta pua. Kuna mvulana darasani aliyesimama mbele ya wote akasema hakuna mtu anayesoma kwa ajili ya wafu, huyu ni mwongo, na wengine wakaanza kumwita hivyo kwenye foleni ya chakula. Mwongo. Sasa tukipiga simu kusema hapana, atakuwa mwongo kweli, mpaka darasa la sita, wanapobadilisha shule.

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Basi baba," akasema, "utafanyaje?"

Jumamosi nilipanda treni kwenda mjini peke yangu, nikalitazame kwanza hilo jiwe. Kutoka Norsborg unapata kiti kila siku, kwa sababu treni inaanzia pale. Nilikaa dirishani nikijaribu kufikiria sentensi ya Kiswidi ya kumwambia mwalimu, yenye adabu, fupi, isiyomfanya mtoto mwongo. Sikuipata. Mimi hata kwenye darasa langu la Kiswidi ndiye wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni. Mwalimu wetu huzima projekta nami bado niko mstari wa pili.

Jiwe lilikuwa kwenye chumba chenye mwanga mdogo, limesimamishwa ndani ya kioo. Si kubwa. Lingeweza kuwa mlango wa kabati. Juu palikuwa na mtu amekaa kwenye kiti chenye miguu ya mnyama, mbele yake meza yenye vitu vimesimama wimawima kama matete. Upande wa pili kijana amesimama, amenyosha mkono kuelekea mezani. Chini yao ndiyo maandishi, mistari mirefu ya macho, mikono, maji, vikapu, nyoka, na ndege wengi kuliko niliowahi kuona mahali pamoja.

Nilidhani nitaona hadithi, kama picha za gazeti. Nikajaribu. Bundi akatazama mkono, mkono ukatoa maji, halafu mtu kachuchumaa. Nikaanza tena upande wa pili. Mtu kachuchumaa, maji, mkono, bundi. Pande zote mbili haikuwa hadithi.

Mwanamke mmoja mzee wa makumbusho, mwenye miwani yenye uzi wa shingoni, alikuwa akinitazama kwa muda. Akaja akauliza kama nahitaji msaada. Nikasema ndiyo, na baada ya hapo Kiswidi changu kikaisha. Nikaweka kidole hewani mbele ya kioo, kulia, halafu kushoto, nikainua mabega.

Akacheka kidogo, akaongea polepole, akirudia. Niliokota maneno mawili, ndege na kuanza. Akanionyesha jicho la ndege mmoja, kisha akaonyesha wanakotazama wote. Nikaelewa. Ndege na watu wanatazama mwanzo wa mstari. Wewe unaingia kwa kuwakabili usoni, kama mtu anayepiga hodi mlangoni. Mistari mirefu ndege wake walitazama kulia, kwa hiyo unaanzia kulia.

Nilifurahi. Hivyo ndivyo tulivyosoma chuoni. Nikamwonyesha maandishi madogo juu ya yule kijana, nikatelezesha kidole kutoka kulia.

"Hapana," akasema. Hapo wanatazama kushoto.

Ni kweli. Kijana, mtoto wa yule aliyekaa, anamtazama baba yake, na maandishi yake yanatazama anakotazama yeye. Baba anasomwa kutoka kulia, mtoto anasomwa kutoka kushoto. Nilisimama pale nikihisi kichwa kinazunguka. Nimekua nikisoma asubuhi shuleni kutoka kushoto na jioni chuoni kutoka kulia, na kila mara nilijua niko wapi kwa kutazama ni nani ameshika fimbo. Jiwe lile lilikuwa shule na chuo kwa pamoja, na halikuwa na mwalimu.

Nikamwuliza linasema nini. Alinieleza mara tatu mpaka nikaipata, na mahali nilipokwama alichora kwa kidole kwenye kiganja chake. Mtu aliyekaa ni marehemu. Vile vitu kama matete ni mikate iliyokatwa. Na mistari ile inazungumza na sisi. Inasema, enyi mlio hai, mnaopita hapa, nisemeeni: mikate elfu, pombe elfu, ng'ombe elfu, ndege elfu, kwa ajili yangu. Haiwagharimu kitu. Ni pumzi ya mdomo tu.

Alinionyesha elfu iko wapi. Ni yungiyungi, ua lile la majini lenye jani la duara. Kwetu yanaota kwenye maji yaliyotuama kando ya ziwa, na sikuwahi kujua kwamba moja ni elfu.

"Watu wakisema," nikauliza, "inamfikia?" Nilitumia neno la kupokea barua, sikuwa na jingine.

Yule mama alivua miwani. Akasema wao waliamini hivyo. Halafu akaniuliza kwa nini nauliza, nami nikasema asante, asante, nikaondoka nikasahau skafu yangu kwenye ndoano ya makoti.

Jioni nilimweleza shangazi huku anakanda maandazi. Aliacha kukanda.

"Kwa hiyo huyo maiti anataka kusomewa?"

"Ndiyo."

"Kumbe mtoto hakusema uongo."

"Hakusema. Lakini shangazi, huyu si Muislamu. Ni mtu wa Firauni."

Kwetu firauni ni tusi zito. Bibi akimwita mtu firauni, mtu huyo alikuwa hana pa kujificha mtaa mzima. Nilikua nikidhani ni neno la kumtukania mwizi wa kuku.

"Fatiha usimsomee," shangazi akasema mwishowe. "Hiyo yake mwenyewe, msomee. Kakwambia useme nini?"

"Mikate elfu. Pombe elfu."

"Pombe!" Akakaa kwenye kiti na unga mikononi. "Yaani amekufa, yuko kaburini, bado anaagiza pombe? Na wewe uitikie amina?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sema togwa, hiyo hailevyi."

"Shangazi, si togwa."

"Wewe umewahi kuionja? Unajuaje? Sema togwa, Mungu anajua."

Alhamisi nilifika kabla yao. Skafu yangu ilikuwa bado kwenye ndoano. Darasa liliingia na majaketi yao na buti zinazolia sakafuni, wakakaa chini mbele ya kioo, na yule mama wa miwani akasimama pembeni. Aliponiona alitabasamu kama mtu aliyepata jibu la jambo fulani. Mwalimu akanitambulisha kwa maneno mengi. Binamu yangu alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amesukwa nywele upya, na hakunitazama mimi, alikuwa anatazama magoti yake.

Mvulana mmoja nyuma yake, mwenye kofia yenye masikio, akasema, "Soma basi."

Mwalimu akamkaripia. Lakini wote walikuwa wanangoja hilohilo.

Niligeukia jiwe. Sentensi ya kwanza niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kwa Kiswidi ilikuwa imeondoka yote. Nikainua kidole. Nikasahau ni upande gani. Nakumbuka sauti ya zipu ya mtu. Nikatafuta ndege. Ndege wa mstari wa kwanza alikuwa ananitazama kutoka kulia, jicho la duara, nikaanza pale.

Nikasema kwa Kiswahili. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilisema kama tunavyosema mbele ya kaburi, polepole, sauti ya chini.

"Enyi mlio hai mnaopita hapa."

Nikasita. Kisha nikasikia sauti ndogo ya binamu yangu ikisema hayo kwa Kiswidi. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia.

"Msemeeni marehemu huyu. Mikate elfu."

"*Tusen bröd,*" akasema, akigeukia wenzake.

"Togwa elfu."

Hapo akanitazama. Hajawahi kuonja togwa maishani mwake. Akasema ni *saft*, maji ya matunda. Yule mama wa makumbusho akafungua mdomo, akaufunga.

"Ng'ombe elfu."

Hilo alilijua.

"Ndege elfu."

"*Tusen flygplan,*" akasema kwa sauti kubwa, ya uhakika.

Eropleni elfu.

Darasa lililipuka. Kuna aliyejiangusha chali. Mwalimu alishika mdomo. Binamu yangu alibaki amesimama, haelewi, kwa sababu kwake ndege ni ndege, ile ya kwenda kwa bibi ambayo mama yake huizungumzia kila mwaka, na neno hilo hajalisikia likitumika kwa kitu kingine. Nilitaka kumwambia, lakini sikujua nimwambie kwa lugha ipi. Nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nikanyosha kidole kwenye jiwe, mahali palipochongwa kichwa cha bata.

Yule mvulana wa kofia akasogea mbele kwa magoti, akaweka pua karibu na kioo.

"Ni ndege," akasema kwa Kiswidi, akimaanisha wa mbawa. "Angalieni. Ni kichwa cha ndege. Na hiyo hapo ni elfu?"

"Elfu," nikasema.

"Na mikate ni ipi?"

Nikamwonyesha. Wakaja wote, wakajazana, wakatia mvuke kwenye kioo. Wakatafuta ng'ombe, wakampata. Wakatafuta *saft*, na yule mama wa miwani akawaonyesha mtungi, akawaambia kwa sauti ya taratibu kilichokuwa ndani yake, wakacheka tena. Msichana mmoja akasema mikate elfu kwa Kiswidi, kwa marehemu, ili aipate. Mwingine akarudia. Baadaye wakawa wanaimba tu, mikate, ng'ombe, eropleni, mwalimu akiwasukuma kuelekea chumba kingine.

Mimi nilibaki. Nilimtazama mtu wa jiwe na mikate yake. Sikujua kama alikuwa amesomewa au amechezewa.

Kurudi nyumbani tulikwenda pamoja, mimi na binamu yangu. Treni ilipotoka kwenye handaki, mwanga ukaingia, mtoto akauliza kwa Kiswahili:

"Kaka. Kwa nini ndege ni ndege?"

"Sijui. Zote zinaruka."

"Sasa naniita Eropleni." Alisema neno lenyewe kwa Kiswidi.

"Nani?"

"Wote."

"Ni vibaya?"

Alifikiri. "Si mwongo," akasema. Akaegemeza kichwa kwenye dirisha. Sikuweza kujua kama ameridhika au amechoka tu.

Shangazi alikuwa ametangulia kufika. Alitungoja na chai ya maziwa, na kabla hatujavua majaketi akauliza, "Haya, umesoma?"

Nikaanza kumweleza nikakosea mpangilio, mtoto akanikatiza, akasimulia mwenyewe, nusu Kiswidi nusu Kiswahili, akiwa amepanda juu ya sofa. Alionyesha nilivyosahau upande. Akaiga sauti yangu. Alipofika kwenye eropleni elfu, shangazi alicheka mpaka akamwaga chai, akapiga paja, akasema, "Eropleni elfu! Mtu wa Firauni! Wee mtoto!" Akacheka tena, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Aliendelea kuyafuta.

"Elfu," akasema. "Na mimi siku ile ya mama nilitaka moja tu."

Mtoto alikuwa bado juu ya sofa, mikono ameitanua kama mbawa. Alinitazama mimi kuona kama bado tunacheka. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta chai mezani.